Tableti Iliyomtaja Magreth

Mkamwana wangu Magreth ni mtu wa Rombo, kule Mkuu, na sisi wa Machame tunajua sana kuwasema watu wa Rombo. Siku alipoletwa nilimwangalia mikono kwanza. Ilikuwa mikubwa, kucha zimekatwa fupi. Nikasema moyoni, huyu atakata majani ya ng'ombe. Kwa mdomo nikasema, "Mbona mwembamba hivi, kwenu hawali?"

Akanijibu mbele ya watu, "Wanakula, mama. Ila kwetu mgeni anapewa chakula kwanza, ndipo anasemwa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimnunia mpaka mvua za vuli, na yeye akaninunia vilevile, tukawa tunapishana mlangoni kama paka wawili. Mpaka siku moja ng'ombe alipata shida ya kuzaa, mume wangu marehemu hayupo, mwanangu hayupo, tukavuta yule ndama sisi wawili tumekanyaga matope mpaka magotini. Alipotoka tukakaa chini palepale. Magreth akasema, "Sasa utanisalimia, au tumsubiri mwingine?" Nikamsalimia.

Alikuwa Mkatoliki. Alikuja usharikani kwetu, sisi Walutheri, kwa ajili ya mume, akaimba na akina mama, lakini rozari yake hakuitupa. Niliikuta kwenye beseni la nguo, nikaifua, nikairudisha mfukoni mwake. Hatukusemezana habari hiyo.

Kile kihamba, shamba letu la nyumbani, unavyokiona leo ni kazi yake. Kahawa ilikuwa imezeeka, imebaki miti tu ya kuning'iniza nguo. Alikata, akachipusha upya, akapanda migomba kwenye mapengo. Kiangazi alishuka tambarare na wanawake wenzake kutafuta mabua ya mahindi kwa ajili ya ng'ombe, akapanda nayo kichwani, mzigo umemfunika mpaka huoni mtu, unaona mabua yanatembea. Binti yake Kindness alipofaulu darasa la saba, Magreth alisema mtoto huyu hatabeba mabua. Akasema mara moja tu. Kila kitu alichofanya baada ya hapo kilikuwa kwa neno hilo.

Sasa nimseme mwanangu. Anaitwa Ezra, anapandisha watalii mlimani. Wageni wanamsifu, anajua kuwafunika blanketi, anajua kuwaambia polepole, polepole. Kanisani alitoa viti. Ukimkuta barabarani atakupa shikamoo mbili. Na alikuwa akimpiga mkewe. Sitazunguka, nimezaa mimi na ninasema mimi. Akishuka mlimani alikuwa mtu mwema usiku mmoja, kesho yake anatafuta kosa, na ng'ombe hana kosa, mtoto yuko shule, mimi mama yake haniwezi. Amebaki mmoja.

Mara ya kwanza Magreth alikimbilia kwa mshenga, kama ilivyo desturi. Mshenga ndiye aliyewaoza, ndiye mwenye nyumba ya kukimbilia. Ezra akakaa wiki, kisha akaenda na wazee na isale mkononi. Isale ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa vihamba, mgeni anadhani ni ua tu. Mtu akikukosea, hata akikuulia mwana, akija na isale mkononi, umekwisha. Hukatai. Ukikataa wewe ndiye umekuwa mkosaji, na balaa likija litakuja kwako. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na babu zetu kabla ya misheni. Wazee wakalipokea lile isale, wakamwambia Magreth nyanyuka ufuate mume. Akanyanyuka.

Mara ya pili alikuwa na mimba ya miezi michache. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni kwangu, nikavuka uwanja. Jino lilikuwa sakafuni. Ezra alikuwa anafunga kamba za viatu, gari la kampuni linamsubiri barabarani, anapanda na wageni siku ileile. Alinipita akaniambia, "Mama, mwambie apike vizuri nikirudi." Akaenda kuwafunika watu blanketi.

Nikamwambia Magreth, "Safari hii huendi kwa mshenga. Huendi kwenu Rombo. Huendi kwa mchungaji. Kote huko isale linajua njia."

"Niende wapi sasa, mama? Nipae?"

"Unakwenda kwa Lukresia."

Lukresia ni mjane wa Sanya Juu, tulijuana sokoni tukiuza ndizi, enzi za miguu yetu mizuri. Wala si ndugu, wala si wa ukoo wetu, wala si wa usharika wetu. Hakuna mzee hata mmoja wa Machame anayejua mlango wake. Siku ya soko nilimpakia Magreth juu ya lori la ndizi, kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, mkungu mapajani. Nani atamwuliza mwanamke mwenye ndizi anakwenda wapi? Lukresia alimpokea akamwambia, "Karibu mwanangu, nyumba hii ina panya na Mungu, tutabanana." Alikaa huko miezi, akilima bustani ya Lukresia, akishona mashuka. Ezra alishuka, akauliza kila mahali. Akaniuliza mimi. Nikamwambia, "Mke ni wako, unaniuliza mimi kama ni jembe nimeliazima?"

Jambo moja tu lilikuwa la kulinda, nalo ni Ezra asijue nyumba ile. Akiijua, atakuja na isale, na Magreth atarudi, na safari hii hatatoka mzima. Mimi nilijua, Lukresia alijua, Magreth alijua. Kindness tulimwambia baadaye, kwa sababu mtoto alikuwa anakonda shuleni akidhani mama yake amekufa tunamficha.

Kindness anasoma sekondari ya kulipia huko Moshi mjini, anakaa bweni. Shule ile ilisema kila mtoto awe na tableti yake, Ezra akanunua, hapo simlaumu. Halafu likaja la pili. Wazazi wakaitwa. Ezra yuko mlimani, mama mtu hayupo, nikaenda mimi na kitenge changu cha kanisani. Mwalimu mmoja kijana, anaitwa Jesse, mpole, akasimama akatueleza kwamba kila tableti ya mtoto, hata kama umenunua mwenyewe kwa fedha yako, lazima iwekwe programu ya ulinzi. Isiyo nayo haiingii darasani. Itaangalia mtoto anasoma nini, anaongea na nani, yuko wapi, shuleni na likizo. Watu wakapiga makofi, maana mjini kuna mambo.

Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, ikishaona, inamwambia nani?"

"Inaiambia shule, bibi. Na mzazi."

"Mzazi yupi?"

Ukumbi wote ukacheka. Baba mmoja nyuma yangu akasema, "Kwani bibi una wangapi?" Mwalimu naye akatabasamu, akasema, "Yule aliyesajiliwa namba yake." Aliyesajiliwa ni Ezra.

Kindness alipofika nyumbani likizo ya mwezi wa sita nikamweka chini, nikamwuliza habari za kile kitu. Akaniambia, "Bibi, kuna ya masomo na kuna ya lokesheni. Ya lokesheni nimeizima." Akanionyesha. Kulikuwa na kijiduara, akakigusa, kikawa cheusi. Mimi taa ikizimwa najua imezimwa.

Wiki ileile simu yangu ikalia. Ni Lukresia. "Mama Ezra, ndizi zako zimeiva kabla ya wakati, njoo uchukue." Hiyo ndiyo ilikuwa lugha yetu. Mtoto amezaliwa, mapema, kwa kupasuliwa.

Sasa hapa mtu asiye wa kwetu atauliza kwa nini nisingekaa nyumbani kwangu, nikatuma salamu. Kwetu mzazi anatunzwa na mama mkwe. Hakanyagi umande, hafagii, hapiki. Mama mkwe ndiye anaponda mtori wa ndizi, ndiye anampa supu, ndiye anamkanda kwa maji ya moto mpaka damu itulie. Mwanamke akilala uzazi bila mama mkwe wake watu wanauliza aliiba nini. Magreth alikuwa amenyang'anywa mume, nyumba na jino. Sikukubali anyang'anywe na hili. Na Kindness nimwache na nani, baba yake ashuke amkute peke yake? Nikafunga ndizi mshare kwenye gunia, siagi kwenye kopo, jirani akabaki na ng'ombe, tukaondoka na mtoto, na tableti mgongoni mwake kwa sababu kila asubuhi ilikuwa na mitihani ya likizo, asiyeifanya anaandikiwa kosa.

Mtoto alikuwa wa kiume. Mdogo kama kuku aliyenyonyolewa, lakini sauti kubwa. Magreth alikuwa ameshatoka hospitali, amelala ubavu kitandani kwa Lukresia, hawezi kukaa, kidonda kinavuja. Aliponiona na gunia akalia. Nikamwambia, "Usilie, utaharibu maziwa. Fungua mdomo." Nikamlisha mtori kwa kijiko kama mtoto. Kindness akashika kile kichanga, akakiambia, "Wewe mwanaume, hapa hakuna wanaume, uwe na adabu." Lukresia akacheka mpaka akatafuta kiti. Zilikuwa siku nzuri zile. Nje ukungu na baridi ya mwezi wa sita, ndani moto, mtori, nguo za mtoto zimeanikwa juu ya jiko. Kindness alikaa kizingitini na tableti akijibu mitihani yake, mama yake anamwuliza kutoka kitandani, "Umepata?" naye anasema, "Nimepata yote." Sijui kama alipata yote.

Asubuhi moja simu yangu ndogo ikalia. Ni Ezra.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeshuka?"

"Nimeshuka. Uko wapi?"

"Niwe wapi? Niko nyumbani napika."

"Na Kindness?"

"Anakata majani ya ng'ombe."

Nilisikia magari nyuma yake.

"Haya, mama," akasema. "Wasalimie hao ng'ombe."

Akakata. Nikabaki na simu sikioni. Kindness alikuwa ameniangalia tangu mwanzo. Alifungua tableti, akagusa hapa, akagusa pale, uso ukabadilika. Kile kijiduara kilikuwa cheusi vilevile. Lakini ndani, mahali pengine chini kabisa, kulikuwa na ramani, na kwenye ramani kitone, na kila siku tuliyolala pale imewekwa kitone chake. Akasema polepole, "Bibi, kumbe niliyozima ni ya kwangu mimi kuona. Yao haizimiki."

Magreth alisikia. Hakupiga kelele. Alimwambia mwanawe, "Njoo hapa." Kindness akaenda akapiga magoti kando ya kitanda. "Si wewe," Magreth akamwambia. "Unanisikia? Si wewe."

Lukresia alitaka tumtoe saa ileile. Tumtoe vipi? Tulijaribu kumnyanyua, kidonda kikatoa damu, tukamlaza. Nikasema tusubiri kidogo damu ikauke, Ezra akija nitakuwa mlangoni. Lukresia akasema, "Wewe mwanamke, mlango wenyewe ni wa mabati." Nikamwambia mlango ni mimi.

Alikuja kesho yake, jua halijatoa ukungu. Hakuja na hasira, hakuja na fimbo. Alikuja na gari, amevaa koti lake zuri, na wazee wawili, mmoja wao Ebenezeri, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu. Na mkononi isale, limepakwa siagi kama inavyotakiwa. Mwanangu ni mwerevu. Alijua mama yake anaweza kupambana na ngumi, hawezi kupambana na jani.

Nikatoka, nikavuta mlango nyuma yangu.

"Shikamoo mama," Ezra akasema. "Ng'ombe hawajambo?"

"Hawajambo. Wanakuuliza habari za jino."

Ebenezeri akakohoa. "Shemeji, hatukuja kwa matusi. Kijana amekosa, amekiri. Amekuja kwa njia ya baba zetu. Tupe nafasi tuingie, mama mtoto apokee, twende nyumbani."

"Mmejuaje nyumba hii?"

Ezra akatoa simu mfukoni, akanionyesha kioo. "Shule, mama. Shule inajali watoto. Kila siku inaniambia mwanangu kalala wapi. Nilikuwa juu kambini hakuna mtandao, nilipofika kwenye geti la hifadhi taarifa zikamwagika zote pamoja." Akacheka kidogo. "Wewe ndiye uliyekwenda kwenye kikao. Hukuwasikiliza?"

Kichanga kikalia ndani. Ezra akainua kichwa. "Ni wa kiume?" Macho yake yalijaa machozi, nisimsingizie, yalikuwa ya kweli. Akapiga goti moja kwenye matope na koti lake zuri, akanyoosha isale kwa mikono miwili. Lilikuwa linang'aa.

Mimi nimezaliwa ndani ya desturi ile. Mama yangu alipokea isale kutoka kwa mtu aliyemchomea nyumba, akampa na chakula. Nimewahi kuwatukana vijana wanaong'oa masale mpakani wapande ukuta wa tofali. Sijawahi kusikia, si Machame, si Kibosho, si popote, mwanamke aliyeliona isale la mwanawe akageuza uso. Nikaweka mikono nyuma.

"Mama, pokea."

"Sipokei."

Ebenezeri akadhani hakusikia. "Unasemaje?"

"Nasema sipokei. Na aliye ndani hapokei. Lilishapokelewa safari iliyopita, na jino likatoka."

"Isale halikataliwi, shemeji!"

"Basi leo umeona."

"Unajua unachokiita? Unajua kitakachokufuata, wewe na kizazi chako?"

"Kizazi changu ndicho hiki kimepiga goti hapa. Kipi kibaya zaidi kitanifuata?"

Mzee wa pili akavua kofia, akaivaa, akavua tena. Ezra akaliweka lile isale kwenye kizingiti, kati ya miguu yangu, maana likishalala mlangoni mtu hawezi kulikanyaga akaingia au akatoka. Nikachukua ufagio wa Lukresia uliokuwa ukutani. Nikalifagia. Likaenda na majivu na maganda ya ndizi mpaka uwanjani.

Nilimsikia Ebenezeri akivuta pumzi kama aliyemwagiwa maji. Mpaka leo hajaniambia neno. Tukikutana njiani anahamia upande wa pili, na msibani wananiwekea kiti peke yangu, na chakula kinaletwa na watoto.

Ezra akasimama, akapangusa goti. Machozi yalikuwa yamekauka. "Sawa, mama. Mke umemficha, mtoto mchanga ni wa maziwa. Lakini Kindness ni wangu. Nina ada yake, nina namba yake. Kindness! Toka!"

Hapo wazee walimuunga mkono, na kwa haki ya kwetu sikuwa na la kusema, mtoto ni wa ukoo. Nilidhani atajificha. Mlango ukafunguka nyuma yangu akatoka amevaa viatu tayari, begi mgongoni. Alikuwa ameona kwamba akienda yeye, gari litaondoka. Alinipita bila kuniangalia. Akampa baba yake shikamoo.

Ezra aliponiaga aliinama karibu na sikio langu, harufu ya sabuni nzuri. "Nawarudisha wazee," akasema. "Halafu nakuja peke yangu."

Lori la viazi lilikuwa sokoni linapakia. Lukresia alikimbia kama msichana. Mimi nikamfunga Magreth tumbo kwa khanga mbili, nikaweka vitambaa kwenye kidonda, nikamfunga mtoto kifuani kwake ndani ya sweta langu. Mzazi asiyetakiwa kukanyaga umande, nilimkanyagisha mimi. Alikuwa mweupe midomoni.

"Nikifika nitampigia Kindness kwa simu ya mtu," akasema.

"Hupigi."

"Mama, ni mwanangu."

"Ukimwambia Kindness, umekiambia kile kitu. Ukikiambia kile kitu umemwambia Ezra. Hupigi, huandiki, humtumi mtu. Na mimi usiniambie unakokwenda. Lukresia naye asijue. Lori likifika njia panda, wewe shuka, panda jingine, uchague mwenyewe."

"Mpaka lini?"

Nilimshika mkono, ule mkubwa. Alikuwa ameacha kulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Atasoma?" Nikamwambia atasoma. Dereva akamvuta juu, akakaa kati ya magunia, na lori likaingia kwenye ukungu. Lilikata kulia au kushoto sijui. Niligeuka makusudi nisione.

Ezra alirudi alasiri. Tulikuwa tunachambua maharage. Aliingia, akageuza kitanda, akageuza magunia, akatoka mpaka bandani kwa kuku. Aliporudi alinishika mkono wa kushoto akanisukuma ukutani, nikasikia mfupa. Alishtuka yeye kuliko mimi. Akasema, "Mama, mama, samahani, mama." Lukresia alikuwa amepiga mayowe tayari, na majirani wakaja, akaingia garini.

Hospitali nesi aliniuliza nimeumizwa na nini. Nikasema na mtoto wangu. Akaandika nimeanguka. Nikamwambia andika upya. Akasema, "Bibi, nikiandika hivyo inabidi upitie polisi kwanza." Nikamwambia nitapitia. Nilipitia. Ebenezeri alikwenda baada yangu akaongea nao, likaishia hapo. Mkono umepinda, ila unashika jembe.

Kisha nikashuka Moshi shuleni, mkono umefungwa shingoni. Mwalimu Jesse alinipa kiti, akanipa chai. Nikamweleza yote kama nilivyoeleza hapa. Alisikiliza, na nilipofika penye jino akaacha kunywa chai yake.

"Toeni kile kitu kwenye tableti ya mjukuu wangu," nikasema.

"Bibi, sina mamlaka. Asiye nayo haingii darasani."

"Basi kisimwambie baba yake."

"Mzazi aliyesajiliwa ndiye anayepata. Labda..." akaangalia mezani. "Labda mama yake aje asajiliwe naye. Ataleta namba yake na mahali anapoishi."

Nilimwangalia mpaka akasikia mwenyewe alichosema. Akainamisha uso.

"Tuliiweka kwa usalama wa watoto, bibi."

"Mmemfunga mbuzi kengele shingoni, mwalimu. Chui naye ana masikio."

"Unataka tumtoe shule?"

Pale ndipo walipokuwa wamenishika. Nikafikiria mabua yanayotembea tambarare. Nikasema hapana, hamumtoi, atasoma mpaka mwisho. Nikanywa chai yao nikaimaliza, nikaondoka.

Kindness yuko kidato cha tatu. Baba yake anamlipia, na likizo anamleta kwangu mwenyewe kwa gari, anakaa nje anapiga honi, haingii. Anangoja. Anajua mama atamtafuta mtoto siku moja, na siku hiyo simu yake itamwambia. Hana haraka, ni mtu wa mlimani. Polepole.

Mtoto akifika anaweka tableti mezani, inabaki ndani ya nyumba, sisi tunakwenda chini kabisa ya kihamba kwenye mfereji kuongea. Siku hizi haongei sana. Likizo iliyopita aliniuliza, "Bibi, sasa tuko wawili. Niambie yuko wapi."

"Sijui."

"Hata mkoa?"

"Hata mkoa."

"Yuko hai?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Unanidanganya," akasema. "Unadhani nitaropoka tena. Unadhani mimi ni mjinga wa lokesheni." Akaokota udongo akautupa majini. "Usingekubali usijue. Wewe si mtu wa hivyo."

Kweli, mimi si mtu wa hivyo. Lakini sijui. Nilimwapia kwa jina la babu yake aliyezikwa palepale nyuma yetu, hakuniamini, akapanda nyumbani peke yake kufanya mitihani yake.

Yule wa kiume sasa anatembea, kama yu hai. Kwa desturi alitakiwa apewe jina la mume wangu. Labda mama yake alimpa. Labda alimpa jina la baba yake wa Rombo, au jina la mtakatifu wao fulani, au ameficha ukoo kabisa akampa jina la watu wa huko aliko. Asubuhi nikikamua ng'ombe huwa najaribu kumwita kimoyomoyo, na sipati pa kuanzia.